Meza ya Waliozaliwa Leo

Wewe umezaliwa lini?

Usiharakishe kunijibu na tarehe. Tarehe kila mtu ako nayo siku hizi, hata mtoto wa jana ameandikiwa karatasi. Mimi nauliza nani alikuambia, na huyo mtu alijuaje. Fikiria hiyo kidogo, halafu keti vizuri tuongee, kwa sababu mimi kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa siku za watu kuzaliwa, na yangu mwenyewe sina.

Nilikuwa mfagiaji wa maktaba. Hapa Mwingi, kwa ile nyumba ilikuwa na mabati ya kijani nyuma ya maduka, karibu na barabara ya Garissa. Jina naitwa Mumbua. Mwenye aliniandika kazi ni Bwana Athman, Mswahili wa hapa hapa, babu yake alitoka pwani akakuja na biashara akasahau kurudi. Huyo alikuwa anaongea Kiswahili kama mtu anamimina maji kwa glasi. Mimi yangu ni kama mtu anamwaga mahindi kwa debe. Lakini tulisikizana.

Nyinyi vijana mnaoandikwa kazi ya vitabu, wacha kwanza niwaambie mambo ya vumbi, kwa sababu hakuna mtu atawaambia. Vumbi ya Mwingi ni mbili. Kuna ile ya lori, nyekundu, na kuna ile ya soko la mbuzi, laini kama unga. Hiyo ya mbuzi ndiyo mbaya, inaingia katikati ya karatasi. Kitabu haipanguswi na kitambaa ya maji. Shika kitabu ikiwa imefungwa, finya na mkono, upanguse ile upande ya juu kuanzia mgongo ukienda nje. Ukianzia nje unasukuma vumbi kwa mgongo, na huko ndiko gundi iko. Mimi nilianzia nje mwaka mzima. Siku moja Bwana Athman akanyanyua kitabu, jalada likabaki kwa mkono, kitabu chenyewe kikaanguka chini. Akaniangalia. "Bi Mumbua," akasema, "umekivua nguo."

Mchwa nao: miguu ya rafu weka kwa mikebe ya oil chafu ya gari, na rafu isiguse ukuta hata siku moja. Kitabu ikinyeshewa, usianike jua, itajikunja kama chapati. Isimamishe kwa kivuli, kurasa zikiwa zimefunguka, ungojee. Na gundi ya kubandika kurasa unapika na unga wa ngano na maji peke yake. Mimi nilipika mara ya kwanza nikaweka sukari kidogo, mkono ulizoea uji. Sisimizi walikuja wakasoma hicho kitabu mpaka mwisho.

Sasa meza.

Bwana Athman alikuwa na meza ndogo karibu na mlango, na sanduku ya mbao imejaa kadi. Kila kadi ni mtu mmoja aliyeandika vitabu. Jina lake, nchi yake, tarehe. Kila asubuhi kabla ya chai anatafuta wale walizaliwa siku kama ya leo, anatoa vitabu vyao kwa rafu, anapanga kwa meza, kadi mbele ya kila moja. Mimi natafuta maua, hata kama ni ya boganvilia peke yake, naweka kwa kikombe. Kuna siku meza inakaa tupu. Na kuna siku unapata watu watatu: mmoja wa Uajemi wa zamani sana na kilemba, mwingine mama wa nchi ya theluji amevaa koti mpaka kwa kidevu, mwingine ni wa Tanzania hapa, amekufa juzi tu. Hawakujuana, hawakuongea lugha moja, na wako meza moja na maua ni ya wote.

Mimi niliona hiyo meza siku ya kwanza nikaielewa mara moja. Nilidhani nimeelewa.

Wacha niwaeleze vile sisi tulipata tarehe. Mama yangu alinizalia Kilungu, kule kwa vilima. Wakati huo walikuwa wamepanda kavu. Unajua kupanda kavu? Unaweka mbegu kwa udongo kabla ya mvua, unangoja, na ukikosea ndege wanakula. Mama alikuwa anamaliza mstari wa mwisho, uchungu ukamshika. Nilizaliwa jioni, na hiyo jioni ndiyo mvua ya kwanza ilinyesha. Siku ya tatu wale akina mama walikuja kunipatia jina, walikuja na matope mpaka kwa magoti, wakasema huyu hatuna haja ya kuongea mingi, huyu ni Mumbua, wa mvua. Wakamba wako hivyo. Mtu wa asubuhi ni Kioko, wa usiku ni Nduku, wa njaa ni Wayua. Jina ndiyo tarehe. Ni vile tu haisemi ni tarehe ngapi.

Sasa serikali ilikuja na vitambulisho. Tukapanga laini kwa chifu, watu kutoka asubuhi. Karani ako na meza, haangalii mtu, anaangalia kalamu.

"Umezaliwa lini?"

"Siku ya mvua ya kwanza."

"Mvua si tarehe, mama."

"Kwetu ni tarehe."

"Januari moja," akasema, akaandika. "Mwingine."

Laini yote hiyo siku tulizaliwa Januari moja. Mimi, jirani yangu, mama mkwe wa jirani yangu. Kulikuwa na mama na msichana wake, karani aliwapatia siku moja na miaka ikakaribiana hivi hivi, mpaka ukisoma unadhani huyo mama alizaa akiwa bado hajaacha kunyonya. Na Januari Kilungu hakuna mvua, kuna jua tu.

Kwa hivyo nilipoona watu watatu kwa meza ya Bwana Athman na siku moja, nilijua: hawa walipanga laini moja.

Nilikaa na hiyo maana mwaka mzima na haikunisumbua. Halafu siku ya wale watatu ikarudi, ikawa Ijumaa, Bwana Athman ameenda msikitini, kama kawaida yake, ameniachia mlango, mwalimu akaleta watoto wa darasa la tano. Kasichana kamoja kenye meno mapya kakasimama kwa meza kakauliza, "Mwaitu, kwa nini hawa wote walizaliwa siku moja?" Mwaitu kwa Kikamba ni kusema "mama yangu", ndivyo watoto wenye adabu huita mwanamke mzima.

Nikamjibu bila kusita. Nikamwambia hawakuzaliwa siku moja. Hakuna mtu anajua walizaliwa lini. Walienda kwa chifu siku moja, na karani alikuwa amechoka.

Watoto waliandika yote kwa daftari. Hata chifu wa Uajemi waliandika.

Jumatatu mwalimu akarudi na daftari moja akampatia Bwana Athman. Mimi nilikuwa nafagia, nikamwona anasoma, nikamwona anatoa kofia, anaweka kwa meza, mabega yanatetemeka. Nilidhani amepata habari ya kifo.

"Bi Mumbua," akasema akipangusa macho, "Uajemi na Tanganyika zilikuwa na chifu mmoja?"

"Karani ni karani," nikamwambia.

Akacheka tena. Halafu akaacha kucheka, akanieleza polepole kwamba hao watu siku zao zilijulikana. Kwamba mama zao au makanisa yao au wafalme wao waliandika siku ile ile mtoto alipolia. Kwamba ni bahati tu siku zikagongana. Nikamuuliza, kwa hivyo huyo mama wa theluji, mvua inyeshe isinyeshe, akiamka hiyo asubuhi alikuwa anajua ni yake? Akasema ndiyo. Nikachukua fagio nikaenda nje kwa uwanja. Nilifagia mahali nilikuwa nimeshafagia.

Sikuwa na hasira na watu wa vitabu. Lakini kutoka hiyo siku nilianza kutaka kitu sikuwahi kutaka. Nilitaka siku.

Kulikuwa na jambo lingine, na hili ndilo lilikuwa linaninyima raha. Wakati Bwana Athman ananiandika kazi aliniuliza masomo, nikasema darasa la saba. Kweli ni darasa la pili, na hata hilo la pili nilikuwa naenda siku za kuchungia zikiisha. Namba nilijua, namba hakuna mtu wa soko hajui. Maneno ndiyo yalikuwa yananikimbia.

Sasa akafiwa huko pwani, akaenda matanga wiki nzima. Akaniachia funguo na sanduku. "Kila asubuhi tafuta tarehe ya leo, weka meza. Wewe si umesoma," akasema. Nikasema nimesoma.

Asubuhi nikafungua sanduku, natafuta tarehe ya leo. Napata, naweka. Mambo yakawa rahisi. Siku nyingine nilipata watu wanne, nikafurahi sana, nikatafuta maua mengi, nikaweka na tunda la mpera kwa sahani. Siku ya tatu akaingia Mzee Nzau, mwalimu aliyestaafu, alikuwa anakuja kusoma gazeti ya bure. Akaangalia meza. Akaangalia kadi, moja, moja.

"Mwaitu," akasema, "huyu alikufa leo."

"Pole sana," nikasema. "Alikuwa mtu wenu?"

"Alikufa siku kama ya leo. Na huyu pia. Na huyu. Wewe unasherehekea msiba na mapera."

Ndipo nikaona kwamba kila kadi iko na tarehe mbili, ya kuzaliwa kushoto, ya kufa kulia. Mimi nilikuwa natoa yeyote mwenye namba ya leo, popote imekaa. Siku tatu nimepamba maiti. Mzee Nzau akakula pera moja, akarudi kwa gazeti, lakini nilijua Bwana Athman akirudi atamwambia, maana mwalimu aliyestaafu hawezi kukaa na kosa la mtu.

Niliomba Mungu na nikapanga maneno ya uongo, nikapanga vizuri. Bwana Athman aliporudi, kabla hajavua viatu vya safari, nikamwambia kweli yote. Maneno ya uongo sijui yalienda wapi.

Akavua kiatu kimoja. "Darasa la saba, ulisema."

"Nilisema."

"Na kweli ni ngapi?"

"La pili. Na hilo la pili lilikuwa na ng'ombe."

Akakaa kwa kiti. Nilikuwa nimeshaanza kukunja kitambaa yangu ya kazi, nikijua nimefukuzwa. Akasema, "Basi tuanzie la pili." Akavuta sanduku.

Hivyo ndivyo nilisoma. Kila siku kadi moja. Mimi sikusoma na a, e, i, o, u ya mti na kikombe. Nilisoma na majina ya watu wa mbali, magumu kama mfupa, na nchi zao. Jina la kwanza nilimaliza bila kusaidiwa lilikuwa la yule mama wa theluji. Lilinichukua kuanzia chai ya asubuhi mpaka adhana ya mchana. Na Bwana Athman ananirekebisha Kiswahili hapo hapo. "Si vitabu ingine, Bi Mumbua." Namwambia, "Bwana Athman, soma kadi yako." Hiyo ya vitabu ingine alikufa bila kuitibu.

Sasa Ijumaa. Wale watoto walirudi, na wengine, maana walisikia kuna mama anaeleza mambo ya meza. Bwana Athman ako msikitini, mimi ndiye mkubwa. Na nimeshajua hawakupanga laini. Kwa hivyo nifanye nini, nikaanza kuwakutanisha. Nawaambia watoto: leo ni siku yao, wamepewa ruhusa ya siku moja wakuje Mwingi wakule pamoja. Kama ni wale watatu, yule wa Uajemi ameshuka na punda amebeba tende. Mama wa theluji anauliza kwa nini kila mtu hapa amevaa nguo nyepesi hivi. Yule wa Tanzania anauliza kama ndengu imeiva. Wanabishana nani ataongea kwanza, kwa sababu mmoja ni mkubwa kwa miaka mia saba na mwingine anasema siku ni moja, hakuna mkubwa. Mchinjaji wa soko anawauzia mbuzi mzee akisema ni kijana, na wale watu wote wameandika vitabu kubwa kubwa za hekima na hakuna hata mmoja amejua mbuzi. Watoto walikuwa wanacheka mpaka wanashikana. Kila Ijumaa watu wengine, mbuzi ile ile.

Bwana Athman alijua baada ya muda. Alikuwa anarudi mapema anasimama nyuma ya mlango. Sikumwona. Niliona viatu.

Siku alistaafu aliniita kwa meza. Ametoa kadi mpya, ameandika na ile mkono wake mzuri: MUMBUA. Kilungu. Halafu nafasi kushoto, tupu, na nafasi kulia, tupu.

"Januari moja sitaiandika," akasema. "Hiyo ni siku ya karani. Na sheria ya meza unaijua: hakuna kadi bila kitabu. Lakini kadi nimeitanguliza."

"Na nikikosa kitabu?"

"Hadithi unazo. Anayekosekana ni mwandishi tu."

Huyo mzee amelala sasa, Mungu amweke pema. Tarehe yake ya kulia mimi ndiye niliandika kwa kadi yake, kwa maana alikuwa na kitabu kimoja kidogo cha mashairi alichochapisha kwa pesa yake mwenyewe. Siku yake ikifika anawekwa. Niliandika polepole, na ilisomeka.

Nami nilistaafu miguu ilipokataa. Kadi yangu nikabeba. Nimeiweka kwa Biblia, na kila nikiifungua naona hizo nafasi mbili. Nimeshika kadi nyingi sana maishani, na nawaambia ukweli, hakuna moja niliona ya kulia imejazwa na ya kushoto iko tupu. Sitaki yangu iwe ya kwanza. Hiyo tu ndiyo naomba. Ya kushoto itangulie.

Leo kwa maktaba kuna mjukuu wangu, Mwende, mtoto wa msichana wangu wa pili. Amesomea hiyo kazi. Kadi zote ameweka kwa kompyuta, anafinya tu kitu, majina ya leo yanakuja yamejipanga, ya kuzaliwa upande wao, ya kufa upande wao. Hakuna mtu atapeleka mapera kwa msiba tena. Lakini meza ameacha pale pale kwa mlango, na kikombe cha maua. Kitambaa ya maji nimemkuta nayo mara moja. Mara moja tu.

Mwaka huu wote Mwende amekuwa akija Jumapili jioni baada ya kanisa na simu yake. Anaiweka kwa kiti ishike sauti, ananiambia, "Susu, niambie ya wale watatu na mbuzi." Mimi naongea, naongea, yeye anaenda anaandika. Susu ni nyanya, mimi ndiye susu yake. Juzi akanirudia na karatasi zimeshonwa pamoja na uzi, jalada gumu, na juu jina langu. Nikasoma jina langu mwenyewe. Sikusaidiwa.

"Hii ni kitabu?" nikamuuliza.

"Ni kitabu, Susu."

"Imeshonwa na uzi."

"Hata Biblia yako imeshonwa na uzi, ni vile hujaichungulia."

Nikatoa kadi nikampatia. Akaiangalia muda mrefu. Nikamwambia, umeleta kitabu, lakini siku bado sina, na meza haiweki mtu bila siku. Akaniuliza mama yangu alisema nini. Nikamweleza ile ya kupanda kavu, mstari wa mwisho, matope kwa magoti. Akasema, basi siku tunayo, ni ile ya mvua ya kwanza.

"Mvua si tarehe," nikamwambia, nikakumbuka karani.

"Kwa meza yangu ni tarehe."

"Na mvua ya wapi? Mwingi inaweza kunyesha leo na Kilungu ikae wiki mbili."

"Ya Kilungu. Ndiko ulizaliwa. Nitapigia mjomba simu."

"Na mwaka ujao ikinyesha siku ingine?"

Mwende ni mtu wa kompyuta, nilidhani hapo nimemshika. Akafungua mkoba, akatoa penseli, akaishikilia hivi mbele ya macho yangu.

Sasa ni mwisho wa Oktoba. Kilungu wameshapanda kavu, mjomba wake alisema hivyo jana. Mimi nimekaa hapa nasikiza mabati. Na Mwende aliniahidi, akiwa ameshika mkono wangu: mvua ikinyesha Kilungu, hata kama ni Jumapili, ataenda afungue maktaba, aweke kitabu yangu kwa meza na maua, aandike hiyo tarehe upande wa kushoto na penseli, na kila mwaka afute aandike ile mpya.